Ombi la Mama Yangu Kujifungulia Ofisini kwa Mkurugenzi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

KUHUSU: KUOMBA NAFASI YA MZAZI MMOJA KATIKA OFISI YAKO

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu, na kiti chako nimekiona kwa macho yangu kwamba kinafaa kukaliwa muda mrefu.

Mimi ni mwandishi wa Klabu ya Afya ya shule iliyo nyuma ya ukuta wa hospitali yako, darasa la saba. Huenda hunikumbuki kwa sura, ila unaweza kunikumbuka kwa biskuti. Ni mimi niliyeidondosha kwenye zulia lako mwezi uliopita, ikavunjika, nikataka kulia, nawe ukaniambia, "Usijali, mwanangu, hapa ni kwenu." Maneno hayo niliyaweka moyoni na leo nayaleta kwako.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya malalamiko ianze na shukrani, ili anayeisoma asiitupe kabla ya kufika katikati. Kwa hiyo nashukuru kwanza kwa soda. Tulikuwa tumekuja kujifunza kuhusu wodi ya wazazi, tukaambiwa wodi haiko katika hali ya kupokea wageni, basi ukatupokea wewe mwenyewe ofisini na kutufundisha somo la maadili na uongozi bora katika huduma za afya. Niliandika kila ulichosema. Ulisema uongozi wa hospitali una nguzo tatu, yaani uwazi, uwajibikaji na utu. Ulisema pia kwamba kiongozi mwenye maadili hajipi kitu kizuri ambacho mgonjwa wake hana. Tulipiga makofi. Wazo la barua hii lilinijia hapo hapo, nikiwa nimezama kwenye kochi lako.

Mama yangu ni mjamzito na siku zake zimefika. Amelazwa kwenye wodi yako kwa sababu presha yake inapanda, na daktari amesema asiondoke mpaka ajifungue. Kila nikitoka shule napita kumwona. Kwa heshima zote, naomba ajifungulie ofisini kwako. Malalamiko yangu, ambayo ndiyo sababu za ombi hili, ni kama ifuatavyo.

1. Kitanda. Mama analala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na mama mwingine ambaye wodi nzima inamwita Mama Mapacha, kwa kuwa daktari ameshasikia mioyo miwili tumboni mwake. Kitanda ni cha mtu mmoja na waliomo, ukihesabu kwa haki, ni watano. Hawagombani, ila wanachoka. Juzi nilimkuta Mama Mapacha akimwambia mama, "Shoga, huyo mwanao mchezaji mpira. Hajazaliwa na ameshanipiga teke la sikio." Mama akajibu, "Samahani, hiyo ni miguu yangu. Imevimba mpaka sijui inapoishia." Wakacheka hadi muuguzi akaja mbio kuuliza nani ameshikwa na uchungu. Kochi lako, Mheshimiwa, tulilikalia wanafunzi saba na gazeti lako halikuhitaji kusogea.

2. Mwanga. Chumba cha kuzalia hakina dirisha. Umeme ukikatika, hata kama ni mchana wa jua kali, humo ndani huoni mkono wako. Mkunga tunamwita Sista Tochi. Mikono yake yote miwili ina kazi, kwa hiyo tochi huishika kwa meno, na mtu mwenye tochi mdomoni hawezi kusema "sukuma". Wamekubaliana na akina mama kwamba "mh" moja ni sukuma na "mh" mbili ni pumzika. Utaratibu huu ulikwenda vizuri sana mpaka Sista Tochi alipopata kikohozi. Siku hiyo akina mama watatu walisukuma kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa amekuja kupima tu.

Siku uliyotufundisha, umeme ulikatika ukiwa kwenye nguzo ya pili. Wewe hukujua na sisi hatukujua, maana taa yako haikupepesa. Nilipata habari nilipotoka nje na kusikia wodi nzima ikiguna. Nilimuuliza fundi umeme wa hospitali kwa nini jenereta inahudumia jengo la utawala peke yake. Ni mtu mpole, hakunikaripia. Alisema, "Binti, kompyuta ikizimika ghafla inakufa." Nikamuuliza, "Na mtu je?" Akasema, "Mtu ana mkunga. Kompyuta ina nani?" Nimelifikiria jibu hilo hadi kwenye kipindi cha hisabati na bado sijapata la kumrudishia.

3. Samaki. Hapa naomba nieleweke vizuri, sina wivu na samaki. Wale wako ni wazuri na nafurahi kwamba wana afya. Ulituonyesha mmoja mwenye tumbo kubwa, ukatueleza kwa furaha kwamba aina yake haitagi mayai bali huzaa watoto wazima, na kwamba umemtenga katika tanki dogo la peke yake ili wenzake wasimsumbue. Tanki hilo lina taa. Lina kipimo cha joto. Lina mashine ndogo ya kupuliza hewa inayotoa mapovu saa zote, nayo imeunganishwa na jenereta. Kisha uliinama, ukagonga kioo kwa ukucha, ukamwambia, "Pole, mama, karibu utapumzika."

Mheshimiwa, mashine ya hewa ya wodi ya wazazi ipo. Imefunikwa kitambaa cheupe na juu yake pamewekwa maua ya plastiki, kwa sababu haifanyi kazi na wauguzi hawapendi ionekane imekaa bure. Wala sijawahi kumsikia mtu wa jengo la utawala akimwambia mama yangu pole. Lakini sikuja kulaumu. Nilichojifunza kwenye tanki lile ni kwamba uzoefu unao. Unajua mzazi anahitaji nini. Unajua anahitaji nafasi yake, mwanga, hewa na neno la upole, na vyote hivyo viko tayari katika chumba kimoja. Kilichobaki ni kubadilisha mzazi tu.

4. Bango. Juu ya kiti chako kuna bango la rangi ya dhahabu lililoandikwa MGONJWA KWANZA. Nililisoma, kisha nikazungusha macho ofisi nzima kumtafuta. Nilimwona katibu muhtasi, niliwaona samaki, nilikuona wewe. Mgonjwa hakuwepo. Maana yake ni kwamba nafasi ya kwanza imetengwa, imewekewa bango kabisa, na haijapata mwenyewe. Mama yangu si mtu wa makuu. Hata akiwekwa wa pili baada ya samaki ataridhika.

5. Historia ya chumba. Bibi yangu mzaa mama anasema ofisi yako ndiyo iliyokuwa chumba cha kuzalia tangu hospitali ilipofunguliwa. Yale madirisha makubwa yaliwekwa ili mkunga aone anachokifanya. Siku moja mkurugenzi wa wakati huo, si wewe, alipita na wageni, akasimama katikati ya chumba akasema kwamba kina mandhari nzuri. Haikupita muda mrefu, mafaili yakatolewa stoo, wazazi wakaingizwa stoo, na yeye akaingia na meza. Bibi huwa hasemi uongo isipokuwa kuhusu umri wake. Aliniambia, "Mama yako alizaliwa pale pale bwana mkubwa anapoweka kikombe chake cha chai." Ukilitazama jambo hili kwa haki, mama haombi kuingia ofisini kwako. Anaomba kurudi.

6. Hili sikutaka kuliandika, lakini umetufundisha uwazi. Mara ya mwisho mama alipoingia kwenye kile chumba kisicho na dirisha, nilikuwa darasa la nne. Umeme ulikatika. Tulikuwa tumeshachagua jina na shangazi alikuwa ameshafuma kofia. Mama alirudi nyumbani amekunja blanketi mkononi, na hakuna aliyesema kitu mpaka kesho yake. Hatukuambiwa ilikuwaje. Sista Tochi hakuwepo zamu ile, na aliyekuwepo alisema tu kwamba hakuona vizuri. Sasa mama ana presha, na presha, daktari anasema, inaletwa na mawazo. Mimi nadhani mawazo yenyewe ni yale ya chumba kile. Kila umeme ukikatika nikiwa kando ya kitanda chake, huwa ananishika mkono na kuuliza mambo ya shule ambayo nimeshamweleza.

Najua baada ya kusoma hapa utajiuliza, je, wewe utafanyia wapi kazi? Hilo nimelifikiria. Utahamia stoo. Kazi yako ni kusoma na kusaini, haina damu, na kwa kuwa hakuna dirisha hutasumbuliwa na mandhari. Umeme ukikatika Sista Tochi ameahidi kukumulikia, nami nimemwomba mtumie utaratibu ule ule: akisema "mh" moja usaini, akisema "mh" mbili usubiri kwanza. Nina hakika maamuzi ya hospitali yatakuwa mazuri zaidi. Ukichoka unaweza kujinyoosha kwenye nafasi ya mama pale kitandani. Mama Mapacha anasema hana tatizo nawe, mradi uvue viatu.

Na kwa kuwa si vizuri kumpendelea mama yangu peke yake, nimepanga pia wenzake. Ile meza ndefu ya ukumbi wa mikutano itatosha kulaza akina mama wanane, nayo kwa sasa haina shughuli ila siku za mikutano ya kujadili uhaba wa vitanda. Ofisi ya ununuzi ina feni mbili kwa mtu mmoja ambaye huwa hayupo, hiyo iwe ya waliokwishajifungua. Watoto wachanga walazwe chumba cha mhasibu. Dirisha lake lina nondo nene, na wafanyakazi wote niliowauliza wanasema hakuna kitu kilichowahi kutoka humo, kwa hiyo watakuwa salama. Maofisa watakaokosa mahali pa kukaa watapanga foleni nje, kwenye lile benchi lenye miguu mitatu. Likiwachosha watapewa dawa ya maumivu, kama ipo. Kama haipo wataandikiwa wakanunue, kama sisi.

Ningependa ujue kwamba nyumbani hawakukubaliana nami. Baba aliposikia ninaandika aliweka kijiko chini akasema, "Wewe mtoto, utatuponza. Mama yako bado yumo mikononi mwao." Shangazi akasema, "Akiandika, wifi yangu atashushwa kitandani alale sakafuni." Nikawajibu kwamba Mkurugenzi alituambia yeye humchukulia kila anayelalamika kuwa rafiki wa hospitali. Baba akauliza, "Hao marafiki zake umewahi kumwona mmoja?" Nilikuwa sijamwona. Nimeamua niwe wa kwanza ili baba asipate la kusema.

Kama ombi hili ni kubwa mno, niko tayari kupunguza. Mama anaweza kuja kwa muda wa uchungu tu, kisha akarudi kwa Mama Mapacha. Au aje saa ambazo wewe uko kwenye semina, na nimeambiwa hizo ni nyingi. Zulia tutalifunika kwa plastiki. Hatutagusa simu yako, na samaki nitawalisha mimi.

Nakuombea kazi njema. Wasalimie katibu muhtasi wako aliyenifutia biskuti bila kununa, dereva wako anayeosha gari kila tukipita, fundi umeme, mhasibu, na maofisa wote waliotuangalia kupitia vioo siku ile. Wasalimie samaki, hasa yule mjamzito, mwambie na mama yangu anamsalimia.

Ni mimi, ninayesubiri jibu lako na mtoto wetu kwa pamoja,

Mwandishi wa Klabu ya Afya (yule wa biskuti)

TANBIHI: Mheshimiwa, nilikuwa nimeshafunga bahasha na ninaifungua tena. Tafadhali yapuuze yote yaliyoandikwa hapo juu. Ningeichana barua na kuandika nyingine, ila mwalimu hapendi karatasi ipotee.

Jumamosi mchana nilipopeleka chakula nilimkuta mama ameshikwa na uchungu, na walipomfikisha tu chumba cha kuzalia umeme ukakatika. Sista Tochi akaweka tochi mdomoni, tochi ikapepesa ikazima. Aliitoa, akaigonga ukutani mara kadhaa, akaitupa. Kisha akasema, "Twendeni kwenye taa." Alimshika mama upande mmoja, shangazi upande wa pili, mimi nikabeba beseni, tukavuka uani mpaka jengo la utawala. Askari anayeshika funguo mwisho wa wiki alisimama mlangoni akasema, "Sista, sina ruhusa. Mpaka Mkurugenzi apige simu." Sista Tochi akamjibu, "Sawa, msubiri apige. Mimi nakaa hapa kwenye ngazi. Mtoto akitoka, dakia." Askari alifungua hata hajamaliza kusikia sentensi.

Kwa hiyo mama amejifungulia ofisini kwako, kwenye kochi, na sasa ninajua kwamba ofisi yako haifai. Naomba radhi kwa kuisifia. Madirisha yamepigiliwa kwa sababu ya kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe hatukuona kinapozimwa, ndiyo maana mtoto alifungwa kwenye pazia la upande wa kushoto. Tumelifua, litarudi likikauka. Maji ya bomba hayapo, ipo tu picha ya maporomoko.

Lakini lililo baya zaidi ni mlango. Mimi na askari tulifungiwa nje, tukasimama tumeukabili. Nilijua mama atapiga kelele, nikajiandaa. Hakikusikika kitu. Nikaweka sikio kwenye ile ngozi laini iliyovikwa juu yake, nikabonyeza mpaka sikio likauma, na ndani kulikuwa kimya kabisa, kimya kile cha siku aliyorudi mama na blanketi. Askari alivua kofia. Nilikaa sakafuni. Sijui tulikaa muda gani.

Halafu mlango ukafunguka na kelele zote zikatoka kwa mpigo. Mtoto analia kwa nguvu kama ana kesi na mtu, mama anacheka na kulia, shangazi anamshukuru Mungu, na Sista Tochi amesimama mbele yetu akifoka, "Nyie viziwi? Nimeita maji mpaka koo limekauka, mko hapa hapa mnanisikiliza tu!" Tukamwambia hatukusikia. Hakuamini. Shangazi akabaki ndani, akafunga mlango, akapiga mayowe, akafungua, akatuuliza, "Je?" Tukamwambia bado.

Mama hajambo na mtoto hajambo, ni wa kiume. Mama anasema hakuwahi kujua kwamba Sista Tochi ana sauti nzuri namna ile anapokuwa hana kitu mdomoni.

Mheshimiwa, kuna jambo sikuliandika huko juu kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba unatusikia na unanyamaza. Nisamehe. Sasa nimesimama upande wa pili wa mlango wako na ninajua. Kwa hiyo baki na ofisi, baki na kochi. Tunaomba waya mmoja tu kutoka kwenye jenereta, ufike chumba cha kuzalia. Na kwa ajili yako mwenyewe, tafuta seremala akutengenezee mlango mwembamba.